Nukta 32 safi, nukta 32 nyeusi: uzoefu wangu na programu ya kurenda

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu programu hii ya kurenda, yaani ya kugeuza mchoro wa kompyuta uwe picha kama halisi, ambayo jina lake nalihifadhi, kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika. Lakini jibu la wakala wao wa huduma kwa wateja limenikwama kooni hadi leo.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mteja aione sebule yake kabla ya kumlipa fundi. Miezi kadhaa iliyopita kadi yangu ya NVIDIA, ile inayochora picha ndani ya kompyuta, iliungua, nami nikanunua RX 580 ya mtumba, ambayo ni ya kampuni shindani ya AMD, kwa sababu tangazo la programu lilisema kwa herufi kubwa kwamba sasa inafanya kazi kwenye kadi zote. Picha ya kwanza ilitoka na michirizi myeusi ya wima, kama kikoi. Nikaikuza na kuhesabu nukta zinazoiunda: nukta 32 safi, nukta 32 nyeusi, kisha 32 safi tena, ukutani, dirishani, hadi kwenye bakuli la matunda mezani.

Nilimwandikia wakala nikiambatisha picha, naye akajibu: "Ndugu mteja, kadi yako ni mbovu. Tafuta kadi ya maana." Kadi ya maana! Kadi hiyohiyo ilikuwa ikirenda kwenye Blender 2.93, programu nyingine ya kazi hii, bila doa.

Namba 32 peke yake ilitosha kumstua mtu anayeijua kazi hii. Kadi za NVIDIA huendesha nyuzi za hesabu, yaani hesabu ndogondogo zinazokwenda sambamba, katika makundi ya 32, ilhali kadi za AMD za kizazi cha GCN, kama hiyo yangu, huziendesha 64 kwa pamoja, hivyo msimbo ulioandikwa kwa kuzoea 32 ukihamishwa bila kurekebishwa, nusu ya kundi yaweza kusahaulika. Wala hapakuwa na haja ya kubahatisha, kwani tangu toleo la 1.1 la mwaka 2018, Vulkan, mfumo ambao programu huutumia kuzungumza na kadi, huiwezesha programu kuiuliza kadi ukubwa wa kundi lake. Hata mgeni huulizwa kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi kabla ya kumiminiwa! Blender nao waliiondoa OpenCL, njia waliyoitumia kurenda kwenye kadi za AMD, katika toleo la 3.0, mwishoni mwa 2021, na kadi za rika la yangu zikabaki nje. Iliniuma, lakini walisema mapema, na hawakumtukania mtu kadi yake.

Juzijuzi likaja sasisho na michirizi ikatoweka, bila neno la radhi. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mwanga wa jioni juu ya ukuta wa chokaa sijauona ukitoka vizuri hivyo katika programu nyingine yoyote, na mteja aliyekuwa amenuna alilipa siku hiyohiyo. Nyota moja niliyokuwa nimeipa nikaipandisha hadi nne. Kisha, nikitafuta risiti kwenye barua pepe, nikakutana tena na ile "kadi ya maana", nikaishusha hadi mbili.