Dagaa wa Mwanza kwa watoto wa paka: thamani yao na mipaka yao

Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, ambao sisi wa Dar es Salaam huwaita dagaa wa Mwanza, Wakenya omena na Waganda mukene, ndicho chakula cha kwanza kinachomjia akilini mtu ambaye paka wake amezaa na ambaye kipato chake hakimruhusu kununua kila siku vyakula vya madukani. Nimewatumia kuwalisha watoto watano wa paka tangu walipoanza kuachishwa kunyonya, sambamba na chakula kikavu cha kiwandani, na tathmini hii inahusu jinsi bidhaa hizo mbili zinavyosaidiana. Msimamo wangu ni kwamba dagaa ni bidhaa nzuri sana kwa bei yake, mradi wachukue nafasi ya zile pakiti ndogo za chakula laini na wasichukue nafasi ya mfuko wa chakula kikavu.

Nianze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mtoto wa paka wa wiki kumi hivi, mwenye uzito wa karibu kilo 1, huhitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, na ukilinganisha kwa uzito wa mwili hicho ni zaidi ya mara tatu ya kile anachohitaji paka mkubwa. Pakiti ya kawaida ya chakula laini ina gramu 85, na kwa kuwa karibu asilimia 80 yake ni maji, hutoa kilokalori 70 hivi tu. Mtoto mmoja angemaliza pakiti tatu au zaidi kwa siku, na watoto watano wangemaliza kumi na tano au zaidi, gharama ambayo kaya nyingi haziwezi kuibeba hata kwa wiki moja. Chakula kikavu cha watoto wa paka, kwa upande wake, hutoa karibu kilokalori 4 kwa kila gramu, kwa hiyo gramu 50 hadi 60 zinamtosha mtoto mmoja kwa siku, na kilo 8 au 9 zinawatosha watano kwa mwezi mzima. Ukigawa bei kwa kilokalori badala ya kuigawa kwa pakiti, mfuko mkubwa unaoonekana ghali dukani hugeuka kuwa chakula cha bei nafuu kuliko vyote vilivyo kamili.

Dagaa wanaingia pale ambapo chakula kikavu kina upungufu. Watoto wanaoachishwa kunyonya, kuanzia wiki ya nne, hawana meno imara ya kutafuna punje ngumu, na paka kwa maumbile hawanywi maji mengi. Supu ya vuguvugu ya dagaa iliyomiminwa juu ya punje na kuachwa zilainike hutatua mambo yote mawili, na harufu yake humvutia hata mtoto mgumu wa kula. Ndiyo kazi ambayo watu wengi hununulia pakiti, na dagaa wanaifanya vizuri kwa sehemu ndogo ya gharama.

Si kila dagaa anafaa, hata hivyo, na hapa mnunuzi anapaswa kuwa makini. Dagaa wa baharini wanaotoka Zanzibar na mwambao kwa kawaida huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, ilhali dagaa wa Mwanza wengi huanikwa juani bila chumvi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kiasi cha kutosha, huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama au samaki wanapochemshwa sehemu yake hubaki kwenye mchuzi. Supu ya dagaa wasio na chumvi unaweza kuwapa paka yote. Supu ya dagaa wa chumvi hulazimika kumwagwa, na kirutubisho unachokitafuta kikamwagika pamoja nayo. Kwa sababu hiyo pekee ningemchagua dagaa wa ziwani hata pale ambapo wa baharini ni rahisi zaidi.

Muulize muuzaji kama dagaa wake walianikwa kwenye chanja au chini. Wa chini huja na mchanga mwingi, na mchanga huo unaulipia kwenye mizani, ukiacha usumbufu wa kuuosha. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha, hajavunjikavunjika, na ananuka samaki bila ukali wa mafuta yaliyochacha. Wakati wa mvua huwa nasita zaidi, kwa kuwa wengi hawakauki ipasavyo na hushika ukungu. Yapo pia mafungu ya bei ya chini kabisa, ya dagaa waliosagika, yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku; watu huwanunulia paka wakiamini kwamba mnyama ni mnyama, nami siwashauri, kwa sababu humo ndimo mchanga na ukungu hujificha. Mtoto wa paka mwenye tumbo dogo namna ile hastahili kupewa kilichokataliwa na kila mtu.

Kuwaandaa ni kazi nyepesi. Waoshe kwa maji mengi, ukibadilisha mpaka chombo kisibaki na mchanga chini, kisha uwachemshe kwa dakika kumi na tano hadi ishirini na uwaponde kwenye kinu pamoja na vichwa na mifupa yao, kwa sababu kalsiamu imo humo. Usiruke hatua ya moto. Samaki wengi wadogo, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayeishiwa vitamini hiyo hupoteza hamu ya kula, huyumba na huinamisha shingo. Kuchemsha hukivunja kimeng'enya hicho. Wapikie peke yao, kabla hujaweka sufuria ya mboga ya nyumbani, kwani kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Mabaki ya dagaa walioungwa, ambayo nyumba nyingi humwekea paka kwa nia njema, hayafai.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni kwa nini basi dagaa na ugali visitoshe, ikiwa paka wengi mitaani wanaishi hivyo. Kwa protini peke yake hesabu yaweza kukubali: viwango vya AAFCO, chama cha wadhibiti wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinataka chakula cha paka anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 30 ya uzito mkavu, na ingawa unga wa mahindi una asilimia 8 au 9 tu, dagaa wakavu wana zaidi ya nusu. Lakini mtoto wa paka hakui kwa protini tupu. Mlo wa samaki tupu kwa muda mrefu huweza kumletea upungufu wa vitamini E na uvimbe wenye maumivu katika mafuta ya mwili, na kiasi cha taurini katika chungu cha nyumbani hakuna anayekipima. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wa taurini hudhoofisha na kutanua moyo wa paka, na watengenezaji wakaongeza kiasi chake katika vyakula vyao. Ndiyo maana naona mfuko wa kiwandani una haki ya kuwa msingi wa mlo. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa mifugo ni kwamba nyongeza zisizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata paka kwa siku, na kwa mtoto wa kilo 1 hiyo ni takriban kijiko kimoja cha chakula cha dagaa waliopondwa pamoja na supu yao.

Kuhusu mfuko wenyewe, soma maandishi yake: unaotakiwa ni ule ulioandikwa kwamba ni chakula kamili kwa paka wanaokua, na si cha paka wakubwa, wala cha mbwa, ambacho hakikutengenezwa kwa mahitaji ya paka. Chakula cha kupima kinachochotwa kutoka gunia lililo wazi huwa nafuu kidogo, ila katika joto na unyevu wa pwani mafuta yake huharibika upesi na huwezi kujua tarehe yake ya mwisho. Heri wenye paka wawili au watatu mtaani wachangie mfuko mmoja uliofungwa, kila mmoja ahifadhi sehemu yake katika ndoo yenye mfuniko unaobana. Maziwa ya ng'ombe yafuteni katika bajeti, maana huwaharisha wengi. Maji safi yanatosha.

Fedha ya maziwa hayo ni bora iende kwenye dawa ya minyoo, ambayo daktari wa mifugo huweza kuianza watoto wakiwa na wiki tatu, kwa kuwa minyoo hupitia hata katika maziwa ya mama na hula sehemu ya kila unachonunua. Kisha gawa chakula katika sahani mbalimbali, kwani penye sahani moja wenye nguvu huwasukuma wanyonge, na umpime kila mmoja kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki. Mtoto anayekula vizuri huongezeka gramu 100 hivi kwa wiki. Asiyeongezeka mwongeze punje kwanza, si dagaa, na kama wiki inayofuata bado uzito wake haujasogea, mpeleke kwa daktari.