Hema la mtumba la watu wawili: linafaa Kitulo msimu wa maua?

Linafaa, ila si kila moja. Uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa kusini mwa Tanzania, uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na maua yake, zikiwemo aina 45 za okidi, huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya mvua. Anayefuata maua kwa usiku mmoja au mbili ajue atalowa mchana. Usiku ni kazi ya hema.

Kwenye meza ya mitumba, anza kwa kunusa. Hema linalotoa harufu kama ya matapishi, na kitambaa chake kinanatanata ukikikunja, utando wake wa kuzuia maji umeshaoza. Liache, hata muuzaji akishusha bei mara tatu. Likiwa safi, tafuta lebo: milimita 1,500 kwa kitambaa cha juu na 3,000 kwa sakafu zinatosha. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijavuja. Sakafu inadai zaidi kwa sababu magoti na viwiko vinaikandamiza. Kitambaa cha juu kishuke hadi karibu na ardhi pande zote. Yale yenye kikofia kifupi paani ni ya ufukweni. Uwandani mvua huja kiubavu na hakuna mti wa kuikinga.

Lijaribu nyumbani, si Matamba, kijiji cha kuingilia Kitulo. Lisimamishe, limwagie ndoo mbili za lita 20, subiri robo saa, kisha pitisha karatasi ya chooni kwenye mishono ya ndani. Panapolowa ndipo panapovuja. Wengi hukimbilia silikoni ya madirisha: hiyo hushika kwenye nailoni yenye silikoni tu. Kwenye polyesta ya kawaida hubanduka kama ngozi ya maziwa. Hapo ni afadhali turubai la mita 3 kwa 4 lifungwe juu kwa kamba.

Vigingi vya waya vinavyokuja na hema havina maana, hupinda kwenye jiwe la kwanza. Fundi wa kuchomelea akukatie nondo ya milimita 6, vipande vinane vya sentimita 25, avikunje kichwa. Vyote havifiki nusu kilo. Nguzo za faiba zikague kwa kitambaa, si kwa kiganja, maana nyuzi zake huchoma. Iliyopasuka hufungwa kwa kipande cha bomba la alumini cha sentimita 10 na utepe wa gundi.

Asubuhi ukikuta matone ndani, usililaumu hema kabla ya wakati. Mara nyingi ni mvuke wa pumzi zenu uliogeuka maji kwenye kitambaa baridi. Acha tundu la juu wazi, futa kabla ya kukunja, na ukifika nyumbani lianike siku hiyohiyo, la sivyo litaanza ile harufu ya mwanzo.

Njia ya kupanda kutoka Chimala, ulio kwenye barabara kuu ya Mbeya, ina kona 57 hadi Matamba. Ukiwa na begi zito, lifunge kabisa kwenye keria. Maharage yachemshie nyumbani: juu kule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na mtungi mdogo wa gesi utaisha yakiwa bado magumu. Juni hadi Agosti ni habari nyingine, umande huganda kuwa barafu, na hema hili bila mfuko mzito wa kulalia halifai.