Siku Tisa Katika Wodi ya Watoto, Kisiwani Mombasa

Tathmini hii inahusu wodi ya watoto ya hospitali moja ya binafsi kisiwani Mombasa, ambako mimi na mwanangu tulikaa siku tisa. Sitaitaja hospitali hiyo kwa jina, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kwa uongozi wake kwa maandishi, na kwa kuwa kusudi langu ni kumsaidia mzazi mwingine ajue atazame nini siku atakapolazimika kulaza mtoto, iwe ni huko au kwingineko.

Mwanangu ana umri wa miaka sita na ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli. Wazazi wa Pwani wanaoishi na ugonjwa huu hawahitaji kuelezwa: chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa hadi mzazi naye atamani kulia. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba ugonjwa huu huiharibu bandama mapema sana utotoni, na bandama ndiyo inayochuja vijidudu katika damu. Ndiyo maana watoto hawa hupewa penisilini kila siku hadi wanapotimiza miaka mitano, na ndiyo maana chanjo ya nimonia, iliyoingizwa katika ratiba ya Kenya mwaka 2011, ina uzito wa pekee kwao. Mtoto wa namna hii akilazwa, hospitali inampa nafuu na wakati huohuo inamweka karibu na vijidudu ambavyo nyumbani asingekutana navyo.

Nianze na mambo yasiyo na mjadala. Wodi ni nzuri kwa macho: kuta zimechorwa samaki na majahazi, mashuka hubadilishwa kila asubuhi, feni zinafanya kazi, na mama analala kwenye kiti kinachokunjuka badala ya sakafuni. Chakula kinakuja kwa wakati, ingawa uji wao ni mwepesi kiasi kwamba shemeji yangu alikuwa akivuka na kivuko cha Likoni kila alfajiri akiwa na chupa ya uji wa nyumbani na mahamri. Bili ilikuwa kubwa lakini ilieleweka, kila kitu kimeandikwa mstari kwa mstari. Hayo yanatosha.

Dawa za maumivu zilitolewa bila ubahili, jambo ambalo nalitaja kwa shukrani, kwa sababu nimewahi kukutana na wahudumu wanaodhani mtoto wa selimundu anadeka. Kufikia siku ya tatu maumivu yalikuwa yamepungua, mtoto anacheka, na daktari akasema huenda kesho yake tungerudi nyumbani.

Asubuhi ya siku hiyo ya tatu, muuguzi mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache, aliushika mkono wa mwanangu na kuigeuza kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa ili kupitisha dawa. Akaniambia, “Mama, hapa waona pameanza wekundu. Leo hii itolewe.” Aliandika katika faili. Kwa kuwa dawa zilizobaki zilikuwa za kumeza, kanula ile haikuwa na kazi tena. Zamu ikabadilika, faili likabaki mezani, na kanula ikabaki mkononi. Jioni ya siku ya nne mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, na joto la mwili lilikuwa limepanda hadi nyuzi 39. Damu iliyopelekwa maabara kuoteshwa haikuota kitu, lakini usaha uliotoka mahali pa kanula uliotesha Staphylococcus aureus, kijidudu ambacho watu wengi wazima kabisa hutembea nacho puani na juu ya ngozi bila kudhurika. Antibiotiki ikabadilishwa, kanula mpya ikawekwa mkono wa pili, na siku moja iliyobaki ikageuka kuwa tano.

Kwa kawaida ya watafiti, maambukizi yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu mgonjwa kulazwa, ambayo hakuingia nayo, huhesabiwa kuwa yamepatikana hospitalini. Daktari wetu hakulificha hilo. Alilisema wazi, akaomba radhi, na kwa uungwana huo nimempa alama zake zote.

Sasa nieleze nilichokiona katika usiku ule, maana mzazi asiyelala huona mengi. Wodi nzima ilikuwa na sinki moja, nyuma ya pazia, karibu na mlango. Mchana mfereji ulitoa maji, lakini usiku ulikohoa hewa tu, nasi tukawa twachota kwenye ndoo yenye bomba ambayo mhudumu aliijaza kutoka kwenye mitungi. Wakazi wa kisiwa hiki hawatashangaa. Maji yetu yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na yanafika kwa zamu, kwa hiyo majengo mengi hujitegemea kwa maboza au kwa visima. Maji ya kisima cha hospitali yalikuwa ya chumvi, na kila aliyezaliwa Mombasa anajua kwamba sabuni katika maji ya chumvi haitoi povu. Nilimwona muuguzi wa usiku akisugua mikono, asipate povu, akakata tamaa, akajifuta kwa aproni yake.

Wala simlaumu yeye kwanza. Shirika la Afya Duniani limeeleza tangu mwaka 2009 kwamba mikono isiyo na uchafu unaoonekana inasafishika vizuri kwa dawa yenye kileo kwa sekunde 20 hadi 30 tu, ilhali kunawa ipasavyo kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60. Limetoa hata kanuni ya kuitengeneza dawa hiyo katika duka la dawa la hospitali yenyewe: ethanoli ya asilimia 80, gliserini kidogo ili ngozi isikauke, na haidrojeni peroksaidi kidogo ya kuua mbegu za vijidudu ndani ya chupa. Katika mji wenye shida ya maji kama wetu, dawa hii ilipaswa kuthaminiwa kuliko rangi ya ukutani. Karibu na kila kitanda kulikuwa na kishikio cha chupa ya sanitaiza. Vishikio vilikuwa sita. Chupa zilikuwa mbili, na moja ilikuwa tupu.

Usiku wa tano nilijikaza nikamuuliza muuguzi aliyekuwa akitoka kitanda cha jirani, “Sista, samahani, umepaka sanitaiza?” Akanijibu kwa upole, “Usiwe na wasiwasi, mamake, nimevaa glavu.” Ni kweli alikuwa amevaa, nazo zilikuwa glavu zilezile alizomshikia mtoto wa jirani aliyekuwa akiharisha. Glavu humlinda anayeivaa. Ikihamishwa kutoka mtoto hadi mtoto bila kubadilishwa, kwa mgonjwa haina tofauti na mkono usionawiwa. Nikamwomba aibadilishe, akaibadilisha bila kununa, lakini haifai mama mwenye mtoto mgonjwa ndiye awe msimamizi wa jambo hilo saa nane za usiku.

Nimesema kwamba daktari alikuwa mwungwana, na nataka niongeze kwamba alikuwa pia mtu anayesoma. Homa ilipopanda, mikono ya mtoto ikawa ya baridi, dada yangu alisisitiza aongezewe maji ya mshipa kwa wingi, “apigwe dripu mbili tatu apate nguvu.” Daktari alikaa kitako akatueleza utafiti mkubwa ulioongozwa na Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, kama vitabu vilivyofundisha, na wengine hawakupewa kwa namna hiyo. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki karibu watoto 10 na nusu katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, na watoto saba na kidogo katika kila 100 wa kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Hauwahusu watoto wanaoharisha na kupoteza maji, alisisitiza, ila kwa homa kama ya mwanangu alikuwa na sababu ya kumwaga maji polepole. Dada yangu, ambaye si mwepesi wa kunyamazishwa, alinyamaza.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kuu, na ndilo nililowaandikia. Kilifi iko mwendo wa saa moja na ushei kutoka Mombasa. Katika hospitali ya kaunti huko, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wa Wellcome, mfuko wa Uingereza unaogharamia utafiti wa afya, wamekuwa wakifanya kazi tangu mwaka 1989, na mwaka huohuo wa 2011, katika jarida la kitabibu la Lancet, walichapisha utafiti mwingine ambao haukuzungumzwa kitandani kwetu. Waliwafuatilia watoto zaidi ya 33,000 waliolazwa kati ya 2002 na 2009, wakahesabu ni wangapi walipata vijidudu katika damu wakiwa tayari wodini. Walikuwa wachache, takriban sita katika kila 1,000. Lakini katika hao wachache, asilimia 53 walifariki. Kwa watoto waliofika hospitalini wakiwa na vijidudu hivyo tayari katika damu, waliofariki walikuwa asilimia 24, na kwa wasiokuwa navyo, asilimia sita. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye utapiamlo mkali, na kwa walioongezewa damu ilhali upungufu wao wa damu haukuwa mkubwa. Mzazi wa mtoto wa selimundu, ambaye neno kuongezewa damu ni la kila siku kwake, akisoma hilo hawezi kulipita haraka, ijapokuwa kuandamana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limeleta jingine.

Basi wodi hii imeupokea utafiti wa Kilifi unaohusu maji ya mshipa, na utafiti wa Kilifi unaohusu maambukizi ya wodini haujauvuka mlango wake. Tofauti, nadhani, ni kwamba wa kwanza unamgusa daktari na kalamu yake, na wa pili unamgusa msimamizi wa ghala, fundi wa mifereji na yule anayepanga zamu ya wauguzi wawili kwa watoto wengi usiku. Wa kwanza unatekelezwa kwa kutofanya jambo, ambako hakuna gharama. Wa pili unataka chupa nne zaidi za sanitaiza, na mtu wa kuzijaza.

Mkuu wa wauguzi alinipokea kwa heshima siku ya nane. Alinionyesha miongozo iliyobandikwa ukutani, ile picha ya nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Akasema ipo kamati ya kuzuia maambukizi. Nikamuuliza ni watoto wangapi waliopata maambukizi ya kanula katika miezi mitatu iliyopita. Akasema kwamba kwa wodi ya watoto peke yake hesabu hiyo haijatengwa. Nikamuuliza kama hesabu ya vitanda vilivyolipiwa imetengwa. Nakiri kwamba swali hilo lilikuwa la ukali kupita kiasi, naye hakustahili kulibeba peke yake.

Haki inanidai niseme pia yanayotuhusu sisi wazazi na jamaa. Saa za kutembelea wagonjwa ziliandikwa mlangoni lakini hakuna aliyezifuata, nami sikuwazuia wangu. Binamu alikuja na mafua, akamkumbatia mtoto. Bibi yake alikaa juu ya kitanda, akashika simu, akashika chakula, akamlisha kwa mkono. Nilikuwa nikiwahesabia wauguzi nyakati zao tano huku za kwetu zikipita.

Kama mtoto wako ana maumivu ya selimundu, na uwezo upo, ningekushauri umpeleke kwa daktari yule, kwa sharti ufike na chupa yako ya sanitaiza, uangalie kanula asubuhi na jioni, na uulize kila siku kama bado inahitajika. Wakisema haihitajiki, usiondoke kando ya kitanda hadi itolewe. Kwa daktari na kwa dawa za maumivu natoa nyota tano. Kwa usafi wa mikono natoa mbili, na moja kati yake ni ya yule muuguzi wa makamo aliyeuona wekundu mapema.

Tulirudi kliniki baada ya wiki mbili, mkono ukiwa umepona na kubakisha kovu dogo. Nilipata kisingizio cha kupita wodini kuwasalimu. Vishikio vyote sita vilikuwa na chupa. Nilizibonyeza moja baada ya nyingine, mwanangu akinicheka, na tano zilitoa dawa. Ya sita, ya kitanda kile cha nyuma ya pazia tulichokuwa tumelala sisi, ilitoa hewa.