Nilitaka kulirudisha jiko, kumbe anayelia ni sufuria

Siku ya kwanza nilibandika sufuria ya maji kwenye jiko langu jipya la indaksheni (la umeme, linalopasha chombo kwa sumaku), nikapandisha hadi namba 9, likaanza kuvuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nikazima, nikawasha tena, vilevile. Nilizoea gesi, ambayo hata ikiunguruma moto wake unauona. Hapa kioo kimetulia tuli na kelele inatoka usijue wapi. Nikaanza kutafuta boksi lake.

Kilichoniokoa ni kikaango cha zamani, kile kizito cha chuma kitupu. Nilikiweka palepale, namba 9 ileile: kimya. Chini ya kioo kuna koili, yaani waya uliozungushwa, na umeme unaopita humo hugeuka mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Nguvu yake ya sumaku ndiyo inayotikisa kitako cha chombo. Sufuria yangu ina kitako cha matabaka, alumini ikiwa katikati ya chuma, na matabaka hayo yakitikisika ndipo mvumo unapotoka. Nikishuka hadi 6 unakaribia kuisha. Maji yakiwa mengi pia hupungua. Mpini nao ulikuwa ukicheza, nikakaza skrubu, basi.

Ukipika kwa moto mdogo kuna tik, tik, tik. Inama uangalie maji: mapovu yanapanda kidogo, yanakatika, yanapanda tena, sambamba na ule mlio. Jiko langu likiwa chini ya namba 3 halipunguzi moto, linawasha na kuzima tu. Kwa mchuzi mzito hili silipendi, maana unaweza kushika chini huku unadhani moto ni mdogo.

Mluzi ndio unaonikera hasa. Hutokea nikibandika vyombo viwili pamoja: kila koili ina kasi yake ya kugeuza umeme, zikipishana kidogo ile tofauti inasikika masikioni, nyembamba kama mbu. Nabadilisha namba ya upande mmoja, unakoma.

Feni nayo huendelea kuvuma dakika kadhaa baada ya kuzima, hadi wageni wanauliza kama nimesahau jiko. Usichomoe waya kwa hasira, inapoza vifaa vya ndani. Ila ikianza kukwaruza, hapo mwite fundi.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mluzi.