Winchi ya umeme ya nanga kwa boti ndogo: pima chumba cha mnyororo kwanza

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza wati. Anza na futi ya kupimia. Ingiza mnyororo wote kwenye chumba chake cha omo (sehemu ya mbele ya boti), kisha pima kutoka kilele cha lundo hadi chini ya sitaha. Mnyororo huingia kwa uzito wake wenyewe; ukikosa nafasi ya kuanguka, hujijenga kama kichuguu hadi tundu la sitaha na kukwama.

1. Winchi ya kulala. Kwa boti ya kabini ya mita 6 hadi 9, hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Mota na gia zote zimekaa juu ya sitaha, kwa hiyo haili nafasi ya chini, na fundi huifikia bila kujikunja. Kasoro yake ni kwamba mnyororo hushika robo tu ya gurudumu la meno. Kapi la omo lisiponyooka nalo, mnyororo huruka. Nenda dukani na kipande cha mnyororo wako: wa mm 10 wa kiwango cha DIN 766 una pete zenye urefu wa ndani wa mm 28, wa kiwango cha ISO 4565 mm 30. Kwa macho ni mapacha, kwenye gurudumu hawaelewani kabisa.

2. Winchi ya kusimama. Hushika nusu ya gurudumu, hivyo huvuta kwa uhakika zaidi. Ila mota hukaa chini, penye unyevu wa chumvi, na hula kina. Ikibaki chini ya sentimita 30 kati ya lundo na sitaha, achana nayo.

3. Winchi ya ngoma. Huzungusha kamba na mnyororo kwenye ngoma, haihitaji nafasi ya kuanguka. Ni pana, na uzito wote unabaki juu omoni. Inafaa penye chumba kifupi mno.

Hesabu ya nguvu ni fupi. Nanga kilo 10, mita 20 za mnyororo wa mm 8 kilo 28, kamba kilo 5: jumla 43. Zidisha kwa 4, tafuta winchi inayovuta angalau kilo 170.

Ukibakiwa na fedha, iweke kwenye waya wala si kwenye mota kubwa. Mota ya volti 12 ikila ampea 80, na waya ni mita 14 kwenda na kurudi, waya wa shaba wa milimita mraba 16 hupoteza volti 1.2 njiani, wa 35 hupoteza kama 0.6. Volti zikishuka mota huzubaa, hukaa na mzigo muda mrefu na kupata moto. Breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ikae karibu na betri, rilei (swichi inayowasha mota) mahali pakavu, na injini iwe inanguruma unapong'oa nanga.

Sitaha ya faibaglasi yenye mbao katikati isitobolewe na kufungwa bolti hivi hivi. Toboa tundu pana, chokonoa mbao pembeni, jaza epoksi nzito (gundi ngumu ya kuchanganya), kisha toboa upya. Chini weka plaiwudi ya mm 18 iliyopakwa epoksi, kubwa kuliko kitako cha winchi. Ukiruka hatua hii maji huoza mbao na bolti hulegea.

Winchi hunyanyua nanga tu. Boti isogezwe na injini. Ukishatia nanga, hamishia mzigo kwenye kizuizi cha mnyororo au kigingi, la sivyo gia ndizo zitakazopigwa na kila wimbi. Mwisho wa mnyororo ufungwe chumbani kwa kamba inayofika juu ya sitaha, ili siku ya dharura ikatwe kwa kisu.