Kidole cha Mazingaombwe Nilichouziwa Kariakoo

Natoa hukumu mapema ili asiye na muda asijisumbue kusoma hadi mwisho: kile kidole gumba cha bandia cha kufanyia mazingaombwe, kinachouzwa ndani ya boksi dogo lenye picha ya mtoto wa Kizungu aliyevaa kofia ndefu nyeusi, msikinunue. Nitaeleza sababu, na nitajitahidi kueleza kwa adabu, ingawa kijana aliyeniuzia hakuniona kuwa mtu wa kufanyiwa adabu.

Nilikikuta katika duka moja la vitu vya kuchezea Kariakoo, siku za kuelekea sikukuu, wakati mitaa ile imefurika watu na wamachinga wamepanga bidhaa hadi katikati ya njia. Kijana wa dukani alikuwa amesimama mlangoni akiwaonesha wapita njia. Alichukua leso ndogo nyekundu, akaisokomeza polepole ndani ya ngumi ya mkono wa kushoto, akaishindilia kwa kidole gumba cha kulia, akapuliza, kisha akafumbua viganja vyote viwili. Leso haikuwepo. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha hesabu kwa miaka mingi na si mwepesi wa kushangazwa, lakini nilibaki nimekodoa macho. Akafumba ngumi tena, akaivuta leso ileile kana kwamba ilikuwa ikimsubiri humo tangu asubuhi. Nikatoa shilingi 15,000 papo hapo bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini.

Nilipofika nyumbani Tabata nikafungua boksi. Siri yenyewe naitaja bila wasiwasi, kwa kuwa imechorwa kwenye karatasi ya maelekezo na mtoto yeyote anayejua kusoma ataielewa, tena kifaa cha namna hii kimekuwa mikononi mwa wanamazingaombwe tangu mwishoni mwa karne ya 19. Ni gumba la plastiki lenye uwazi ndani, unalivalisha juu ya gumba lako, na nafasi inayobaki mbele ya kidole ndimo leso inamojificha. Basi. Watazamaji wanatafuta leso kwenye viganja na kwenye mikono ya nguo, kumbe imekaa mbele ya macho yao muda wote. Ni wazo zuri kiasi cha kumfanya mtu acheke peke yake.

Kilichonikatisha kicheko ni rangi. Kidole kile kilikuwa cha waridi. Mkono wangu ni mweusi, wa mama wa Kitanzania aliyepigwa na jua la Dar es Salaam, na pale mwishoni pa gumba lilining'inia pande la waridi lenye kucha iliyopakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Mshono wa kiwandani ulipita ubavuni kutoka kwenye kucha hadi ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa mnene, ukaacha ngazi pale plastiki inapoishia na ngozi inapoanzia. Nikakumbuka vizuri kwamba kidole alichotumia yule kijana kilikuwa cha hudhurungi, kimefanana na ngozi yake hata nilipokuwa nimesimama karibu sikugundua kuwa ni cha bandia. Alinionesha kitu kimoja, akanifungia kingine.

Nilirudi. Kijana alinipokea kwa “Mambo vipi, mama,” salamu ambayo kwetu humpi mtu wa umri wa mama yako, lakini nikaimeza. Nikamwambia, “Mwanangu, kile ulichonionesha kilikuwa cha rangi yetu. Nibadilishie nipate kama kile.” Akajibu bila kuinua uso kwenye simu yake kwamba kile ni chake cha kazi na hakiuzwi. Nikasema basi nirudishiwe pesa. Akanyoosha kidole, safari hii cha kwake halisi, kuelekea karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani hadi leo: “Mama, pesa nitakurudishia, na siri utanirudishiaje?”

Nilikosa jibu. Nilipopata sauti nikamuuliza sasa mimi na rangi hii nitafanyaje, naye akasema, “Paka dawa ya viatu, mbona rahisi tu.” Vijana wenzake waliokuwa wamekaa juu ya maboksi wakaangua kicheko. Nilipodai risiti, maana kila siku tunaambiwa ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, akageuka kumhudumia mteja wa mdoli.

Dawa ya viatu! Mtu yeyote aliyewahi kung'arisha viatu vya watoto wa shule anajua kwamba dawa ile haitulii mahali pake bali hushika kila inachogusa, na leso nyekundu inayosokomezwa mle ndani na kuvutwa tena ingetoka na madoa ya kutosha kutoboa siri yote. Yaani hata tusi lake halikuwa ushauri unaofaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na sijui kuna kupotosha gani kuzidi kumwonesha mteja kidole cha hudhurungi na kumfungia cha waridi ndani ya boksi ambalo halifunguliwi kabla ya malipo.

Hata hivyo, lile swali la siri linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa kuwa ndipo ulipo ugumu wa kupima thamani ya bidhaa hizi. Plastiki yenyewe haifiki hata shilingi elfu mbili. Unacholipia ni kujua, na ukishajua hakuna namna ya kusahau ili udai chako. Katika hilo kijana ana hoja, na inaniuma kumpa hoja. Lakini siri bila chombo kinachoibeba ni nusu ya siri. Chukueni mfano wa zile karata za mazingaombwe ambazo nusu ya pakiti ni karata moja inayojirudia, tuseme saba ya kopa, na hizo zinazojirudia zimekatwa fupi kidogo kuliko nyingine. Ukizipitisha haraka kwa gumba watazamaji wanaona karata mbalimbali, ukimwambia mtu akate, anakutana na saba ya kopa. Karata zile hazijali mkono ulioshika una rangi gani. Kidole kinajali, tena rangi ndiyo kitu pekee kinachotakiwa kukifanya kisionekane.

Na hapa hasira inanipeleka mbali kidogo, mnivumilie. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe Robert-Houdin, akawaoneshe wenyeji kisanduku chepesi ambacho ghafla mwanamume mwenye nguvu anashindwa kukiinua, ili waamini kwamba uwezo wa Wafaransa umewazidi wa viongozi wao wa dini. Chini palifichwa sumaku ya umeme. Angalau yule alijisumbua kuandaa vifaa vyake kwa kuwafikiria watu aliokuwa akienda kuwadanganya. Aliyeleta shehena ya magumba ya waridi Kariakoo hakuwafikiria wateja wake hata kwa kiwango cha mdanganyifu.

Matokeo mliyatarajia. Ndugu walipokusanyika kwetu mchana wa sikukuu, joto la Dar likiwa kwenye kilele chake na feni ikizungusha hewa ileile ya moto, jasho liliingia ndani ya plastiki, kidole kikateleza na kudondoka juu ya mkeka pamoja na leso yake. Mtoto wa kaka yangu akakiokota, akakinyanyua juu ili wote waone, akapaza sauti: “Shangazi, umedondosha kidole cha Mzungu!” Walicheka hadi majirani wakachungulia. Kwa hiyo narudia, msinunue.

Ila kuna jambo ambalo haki inanilazimu nilieleze. Jioni yake, watoto wadogo ambao walikuwa wamelala wakati wa fedheha ile waliniomba niwafanyie nao. Nilikausha kidole kwa kanga, nikakiwekea kipande cha tishu ndani ili kikaze, nikaketi mbali kidogo na taa. Safari hii nilifuata lile elekezo la mwisho kwenye karatasi, ambalo ndilo lenye akili: usilaze gumba ubavu, lielekeze moja kwa moja kwenye macho ya mtazamaji na mikono isitulie. Hapo jicho linaona ncha tu, halipati muda wa kuuliza rangi. Leso ikapotea. Mdogo kuliko wote akaja akafumbua viganja vyangu kimoja kimoja, akaingiza mkono kwenye mkono wa gauni langu, akafunua mkeka, akamtazama mama yake kama anayeomba msaada. Gumba la waridi lilikuwa limegusa shavu lake na hakuliona.

Sasa niseme nini? Furaha ile haiuzwi shilingi 15,000 mahali pengine popote ninapopajua. Pengine basi kinunueni, mradi muwe na taa hafifu na watoto wasiozidi miaka sita. Lakini nikikumbuka kile kicheko cha juu ya maboksi napandwa upya, kwa sababu cha hudhurungi kipo, nimekiona kwa macho yangu kikifanya kazi mchana kweupe mlangoni mwa duka, na mwenye duka anajua kipo. Mkienda, msitoe hata shilingi kabla boksi halijafunguliwa na kidole hakijavalishwa kwenye gumba lenu wenyewe, na risiti iwe mkononi. Akikataa, ondokeni.

Mimi nikikipata cha rangi yangu nitalipa hata elfu thelathini, ila si kwa yule kijana. Na ikiwa ni yeye pekee anayevileta mjini, basi nitamtuma mdogo wangu akaninunulie.