Utah kwa gari: Zion na Bryce, au Moab?

Mwenye siku nne tu asijaribu kumaliza makorongo yote ya Utah, jimbo la magharibi mwa Marekani; achague upande mmoja.

Kusini-magharibi kuna hifadhi za taifa za Zion na Bryce Canyon. Unashukia Las Vegas, unakodi gari, na baada ya saa mbili na nusu hivi uko kwenye lango la Zion. Miezi mingi ya mwaka gari lako unaliacha na kupanda basi la hifadhi, bure. Raha ya Zion ni Narrows, korongo jembamba: unatembea ndani ya Mto Virgin wenyewe, fimbo mkononi, maji yakikusukuma magotini, kuta zimekubana huku na huku. Lakini mvua ikinyesha mbali, hata kama ulipo ni jua kali, mafuriko hukufikia ghafla. Waulize askari wa hifadhi kwanza. Bryce iko mwendo wa saa mbili, juu na baridi zaidi; hata Mei beba koti.

Mji wa Moab, mashariki, umezungukwa na jangwa tupu. Hifadhi ya Arches ina matao ya mawe zaidi ya 2,000, na hifadhi ya Canyonlands iko jirani. Kivuli haba, maji unabeba tangu mjini. Julai na watoto? Hapana. Ila ukiamka gizani ukafika Mesa Arch, tao lililo Canyonlands, kabla ya jua, utaona tumbo la tao likiwaka kama kaa la moto, na mabonde yakijitokeza moja moja chini yake.

Safari ya kwanza, hasa na wazee, ningechagua Zion. Oktoba, na mwenzangu mpenda kutembea, ni Moab.